Shajara ya mradi: injini ya chesi ya kujifunzia

Januari, mwanzo wa mradi

Lengo ni moja: kupata injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza na kuchambua chesi, ambayo mimi na mpwa wangu tutajifunzia mwaka huu. Sitafuti injini kali kuliko zote. Ubishi huo ulikwisha mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilipomfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, na leo simu ya kawaida yenye Stockfish haina bingwa wa dunia anayeiweza. Ninachotaka kujua ni ipi kati ya hizi itanifanya nicheze vizuri zaidi nikikaa mezani na mtu mwenye mikono inayotoka jasho kama yangu.

Hali yetu ni hii. Mimi reitingi yangu (namba inayopima uwezo wa mchezaji) ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, inazunguka 1600, mpwa wangu yuko 1300 na kitu. Tuna laptopu moja isiyo na kadi ya michoro ya maana, na simu mbili za Android. Hatununui programu, tunanunua bando tu. Kwa hiyo za kulipia nimeziweka kando bila kuzijadili, zimebaki programu huria tatu: Stockfish, Leela Chess Zero (wengi huiita Lc0) na Maia.

Nilipomweleza mpwa wangu mpango huu, akaniuliza: "Mjomba, si tuchukue yenye nguvu kuliko zote tumalize?"

"Hiyo tunayo tayari, mjomba. Iko kwenye simu yako tangu mwaka juzi. Imekufundisha nini?"

Akafikiri kidogo. "Imenifundisha kwamba nimekosea."

Nimeliandika jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa sababu kazi yote iko hapo. Kujua umekosea ni jambo moja. Kujua kwa nini uliona vile ulivyoona, na ungefikaje kwenye hatua sahihi ukiwa peke yako na saa inakimbia, ni jambo lingine kabisa.

Januari, mwishoni

Nimeanza na Stockfish kwa sababu hiyo itakuwepo kwa vyovyote. Ilizaliwa mwaka 2008 kutoka kwenye injini ya Tord Romstad iitwayo Glaurung, na tangu 2013 kila badiliko dogo linalopendekezwa hujaribiwa kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu wanaojitolea. Toleo la 12, mwaka 2020, liliingiza mtandao mdogo wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano) unaokokotoa haraka kwenye prosesa ya kawaida. Wazo hilo lilitoka kwenye shogi, chesi ya Kijapani, kwa kazi ya Yu Nasu mwaka 2018. Kwetu hilo ndilo la maana: haidai kadi ya michoro. Kwenye laptopu yetu, hata kwenye simu kupitia programu ya DroidFish, inafanya kazi bila kulalamika.

Sasa zile namba ambazo injini huandika pembeni ya ubao kuonyesha nani yuko mbele. Mwanafunzi anaona +1.00 akadhani mweupe yuko mbele kwa askari mmoja. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Lakini tangu toleo la 15.1, Desemba 2022, namba imepimwa upya: +1.00 maana yake ni kwamba Stockfish ikicheza na Stockfish kutoka hapo, upande huo una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda. Soma tena sehemu hiyo: Stockfish na Stockfish. Mimi na jirani yangu hatumo kwenye hesabu.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa kwa sababu linabadilisha namna ya kusoma uchambuzi wote. Ukitoka +0.4 ukaangukia −0.3, injini inakuwekea alama ya kosa, nawe unahuzunika. Kwa wachezaji wa 1500 hiyo si tofauti inayoamua chochote. Mpinzani ataurudisha mzani katika hatua mbili zijazo. Kinachoamua ni farasi aliyeachwa bila mlinzi, cheki isiyoonekana, ngome iliyofungwa na askofu. Kwa hiyo nimeweka kanuni: katika uchambuzi wetu tunaangalia tu palipobadilika kwa zaidi ya pointi 1.5. Kwingine kote tunapita.

Mpangilio niliouweka: mistari mitatu, yaani mifuatano mitatu ya hatua ambayo injini inaiona bora, ionekane kwa pamoja badala ya mmoja. Mstari mmoja unamfanya mtu aamini kuna jibu moja tu la haki. Mitatu inamwonyesha kwamba mara nyingi kuna hatua kadhaa nzuri, na kwamba ile aliyoichagua ilikuwa ya tatu kwa tofauti ndogo tu. Mpwa wangu amefarijika kuliko nilivyotarajia.

Februari, wiki za mwanzo

Zamu ya kucheza, si kuchambua. Stockfish inaweza kupunguzwa nguvu: ina ngazi za ustadi kuanzia 0 hadi 20, na pia unaweza kuiambia icheze kwa reitingi fulani, kima cha chini kikiwa 1320. Tulidhani hapa ndipo tutakapopata mwenzi wa mazoezi.

Tumecheza nayo jioni nyingi na uamuzi wangu ni kwamba haifai kwa kazi hiyo. Sababu iko ndani ya injini yenyewe. Ukiipunguza nguvu haiwi mchezaji dhaifu. Inaendelea kutafuta kama kawaida, inapata hatua kadhaa nzuri, kisha kwa bahati nasibu iliyopimwa inachagua moja iliyo mbaya zaidi. Matokeo yake ni mchezo wenye sura mbili. Hatua kumi inakubana kama babu mwenye uzoefu, halafu ghafla inakuachia kete ambayo hata mtoto aliyejifunza jana asingeiacha. Unashinda, lakini hukufanya kitu kilichomlazimisha akosee.

Binadamu hakosei hivyo. Anakosea kwa sababu: alikuwa anakodolea macho upande wa mfalme akasahau upande wa malkia, hatua ya kurudi nyuma ya askofu ilimpita bila kuiona, alichukua kete kwa sababu ilikuwa inachukulika. Ukitaka kujifunza kuyatumia makosa ya watu, unahitaji mwenzi anayekosea kwa sababu za watu.

Februari, mwishoni

Nimepakua Maia. Faili zake ni ndogo, bando halikuumia.

Maia ilitolewa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft Research. Wenyewe hawakuuliza "hatua bora ni ipi?" Waliuliza "mtu wa reitingi hii angecheza nini hapa?" Wakachukua mamilioni ya michezo ya watu kwenye Lichess, wakaigawa kwa viwango, wakafundisha mitandao tisa: 1100, 1200, mpaka 1900. Mtandao unaolingana na kiwango cha mchezaji hubashiri hatua yake kwa usahihi katika zaidi ya nusu ya nafasi. Nimelitafakari sana hilo. Zaidi ya nusu ya yale ninayodhani ni mawazo yangu binafsi mezani, mtandao mdogo unayajua kabla sijagusa kete.

Namna ya kuiweka, kwa atakayefuata njia hii: Maia si programu kamili, ni faili la uzito (mtandao wenyewe uliokwisha kufundishwa) linaloingizwa ndani ya Lc0. Halafu jambo la lazima kuliko yote ni kikomo cha nodi kiwe 1. Yaani iangalie ubao, itoe hatua ya kwanza inayoijia, basi. Ukiiruhusu itafute mbele inaacha kuwa mtu wa 1500 na kuwa kitu kingine kisicho na jina. Anayeona hiyo ni kazi ngumu atumie Lucas Chess kwenye Windows. Programu hiyo ni ya bure na Maia imo ndani tayari. Mpwa wangu anatumia hiyo. Na asiye na laptopu kabisa anaweza kucheza na maia1, maia5 na maia9 moja kwa moja kwenye Lichess. Hizo ni za 1100, 1500 na 1900.

Tahadhari moja. Maia ya 1100 ni ngumu kuliko jina lake. Inachagua hatua ambayo wengi wa kiwango kile wangeichagua, na wengi wakikaa pamoja hawafanyi vile vioja ambavyo kila mmoja wao hufanya akiwa peke yake mara moja kwa kila mchezo. Kwa hiyo mtu wa 1300 akifungwa na Maia ya 1100 asikate tamaa.

Machi

Wiki hizi ndizo zimenionyesha tofauti ya injini hizi kwa macho. Tumechukua nafasi moja tu na kuikalia.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5

(Katika maandishi haya N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, x ni kuchukua na + ni cheki; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari.) Farasi mweupe wa g5 anaitazama f7, na askofu wa c4 ataitazama tena askari wa d5 akiondoka njiani. Mweusi sasa afanye nini? Askari wa d5 anachukulika kwa farasi. Ukimwuliza mtu yeyote anayeanza, mkono wake unaenda wenyewe: 5...Nxd5. Tumeiuliza Maia ya 1100, nayo ikachukua kwa farasi papo hapo. Tukapanda ngazi mpaka 1900. Hiyo ikacheza 5...Na5, farasi anakwenda pembeni kumsumbua askofu na askari wa d5 anaachwa.

Stockfish pia inataka 5...Na5. Lakini ona tofauti ya darasa. Stockfish peke yake ingesema Nxd5 mbaya, Na5 nzuri, na mpwa wangu angekariri. Maia zikiwekwa ngazi kwa ngazi zinaonyesha kitu cha ziada: kwamba Nxd5 ni mtego ambao watu wa kiwango chake wanaingia kwa wingi, na kwamba huko juu kuna watu waliojifunza kutoingia. Kwa hiyo swali likawa: wanajua nini ambacho sisi hatujakijua?

Tukaicheza. Yeye mweupe, Maia ya 1100 mweusi. 6.Nxf7, farasi anajitoa mhanga. 6...Kxf7 7.Qf3+. Hapo nikamwambia asimame, afunike skrini, aandike kwenye daftari mfalme ana njia gani. Aliandika: "Akirudi g8 nachukua d5 kwa askofu, cheki. Malkia wake anachukua, malkia wangu anachukua, cheki tena, anaziba kwa askofu e6, nachukua, chekimeti." Sahihi kabisa, 7...Kg8 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6 na mchezo umekwisha. Kwa hiyo mfalme analazimika kutoka nje, 7...Ke6, amlinde farasi wake katikati ya uwanja mbele ya kete zote. 8.Nc3 inaongeza mshambuliaji wa tatu kwa farasi yule wa d5.

Kisha ndipo tukafungua Stockfish, baada ya daftari kujaa. Ikatuonyesha kwamba mweusi anaweza kung'ang'ania kwa 8...Ncb4 au 8...Nce7, na kwamba mweupe lazima aendelee kushambulia bila kupumzika. Ikatuonyesha pia kwamba 6.d4, badala ya kutoa farasi mara moja, ni kali vilevile, jambo ambalo wachambuzi wa zamani walilijua bila kompyuta. Mpwa wangu akageuza upande, sasa yeye mweusi, akacheza 5...Na5 na safari hii kwa kujua: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6. Askari mmoja amepotea, lakini askofu mweupe lazima ahame tena, farasi wa g5 yuko hewani, na kete nyeusi zinatoka kwa kasi. Stockfish inasema mzani uko karibu sawa. Mara ya kwanza alipouona uchambuzi huu, zamani, aliona askari amepotea bure. Sasa alinieleza mimi kwa nini hakupotea bure.

Mfuatano huo ndio ninaoutaka: Maia iulize swali, daftari lijibu, Stockfish isahihishe. Ukianza na Stockfish, daftari halina kazi.

Machi, katikati

Leela, kwa kifupi. Mradi huu ulianza 2018 baada ya kampuni ya DeepMind kutangaza AlphaZero, programu iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe bila kupewa chochote zaidi ya sheria za mchezo. Lc0 ni jibu la watu wa kawaida, wakichangia kompyuta zao. Jinsi AlphaZero ilivyokuwa ikimsukuma askari wa pembeni, safu ya h, mpaka mlangoni kwa mfalme wa mpinzani iliwagusa hata mabingwa; Magnus Carlsen alisema wazi mwaka 2019 kwamba imembadilisha uchezaji.

Ninachokipenda ni kwamba inaonyesha asilimia tatu, kushinda, sare, kushindwa, badala ya namba moja kavu. Hali ya ubao yenye asilimia 10 kushinda, 80 sare, 10 kushindwa, na nyingine yenye 45, 10, 45, zote zinaweza kuandikwa 0.00 pembeni ya ubao, ilhali moja ni bwawa na nyingine ni moto. Stockfish nayo ina mpangilio wa kuonyesha asilimia hizo, na nimeuwasha. Tukiwa tumepata hilo, na kwa kuwa mitandao mikubwa ya Leela bila kadi ya michoro inajikokota kwenye laptopu yetu, nimeiondoa kwenye orodha. Injini yake inabaki kwa ajili ya kubeba Maia.

Aprili

Miisho ya mchezo. Hapa Maia inachechemea, na nilitaka kuona kwa kiasi gani. Kwa kuwa haitafuti mbele, inaweza kuwa na mchezo ambao tayari ingepaswa kuushinda ikazungushazungusha kete bila kufika. Hilo halinisumbui, kwani watu wa kiwango chetu nao hufanya hivyo, ila maana yake ni kwamba miisho haifundishwi na Maia.

Je, Stockfish inafundisha? Nimeweka nafasi ambayo kila mchezaji anatakiwa aijue. Mweupe: mfalme d5, askari e5, ngome a7. Mweusi: mfalme e8, ngome b6. Zamu ya mweusi. Jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, liko juu ya ulinzi huu: ngome ibaki safu ya sita imzuie mfalme mweupe asipande, ihame tu kati ya b6 na h6, na siku askari atakaposogea e6 ndipo ishuke mpaka safu ya kwanza ianze kupiga cheki kutoka nyuma, maana mfalme mweupe hana tena pa kujificha.

Stockfish inaandika 0.00 kwa Rh6. Inaandika pia 0.00 kwa Rb1. Kwa injini ni kitu kimoja. Kwa binadamu ni mbali kama mbingu na ardhi. Ukicheza Rh6 huna la kufikiri zaidi. Ukicheza Rb1, mweupe anaingia 2.Ke6 akitishia chekimeti kwa ngome a8, na sasa lazima ujue kurudi mara moja kwa cheki, Rb6+, au ujue kwamba mfalme wako anakwenda f8, upande mfupi, ili ngome ibaki na upande mrefu wa kupigia cheki. Ukienda d8 unajitumbukiza matatani. Bado ni sare, lakini ni sare ya kutembea juu ya kamba.

Nimeshawishika kwamba hapa injini yoyote inahitaji mtu pembeni, au kitabu cha miisho. Tumekubaliana na mpwa wangu: kwenye miisho, kanuni kwanza, kwa maneno, aiseme kwa sauti. Halafu anacheza upande wa ulinzi dhidi ya Stockfish yenye nguvu kamili, na hapo ndipo ukali wake una faida, kwa sababu haimsamehei hata mara moja. Amefika mahali anashikilia sare ya Philidor bila kuangalia saa.

Aprili, mwishoni

Uamuzi, kama ulivyo leo.

Kucheza: Maia, nodi 1. Mpwa wangu anacheza na ya 1300, mimi na ya 1700. Anayeshinda mara kwa mara anapanda ngazi moja. Tunacheza polepole, dakika 15 kila upande, kwa sababu Maia hujibu mara moja na mtu anaambukizwa haraka hiyo. Tumekubaliana kutogusa kete kabla ya kutaja tishio la mpinzani.

Kuchambua: daftari kwanza, kisha Stockfish, mistari mitatu, asilimia zikiwa wazi, tukisimama tu pale penye badiliko la zaidi ya 1.5. Katika kila sehemu hiyo tunaiuliza Maia ya kiwango chetu: je, wengi wangecheza kama mimi? Ikisema ndiyo, hilo ni kosa la kiwango na linahitaji somo, tunalipa ukurasa wake. Ikisema hapana, wengi wangeliona, basi ni uchovu au haraka, na dawa yake ni nyingine.

Kipengele hicho cha mwisho sikukipanga Januari. Kimetokea chenyewe tulipokuwa tunakagua michezo ya mpwa wangu, naye ndiye aliyekitamka: "Mjomba, hili si la kutojua. Hili nilikuwa nimeshaanza kushangilia." Daftari lake sasa lina safu mbili, na safu ya pili inajaa kwa kasi kuliko ya kwanza, hasa katika michezo anayoongoza.

Kazi ya Mei: kufanya zoezi lile la Machi, ngazi kwa ngazi kutoka 1100 hadi 1900, kwenye ulinzi wa Caro-Kann (mweusi akijibu 1.e4 kwa 1...c6), ambao yeye ameuchagua na mimi siujui vizuri. Naanza na lahaja, yaani tawi lake, ya kusonga mbele, 3.e5.